Kabla ya kuhama Lubumbashi kwenda kijijini, kalale huko mwezi wa kumi

Watu wa Lubumbashi wakitaka kuhamia kijijini, huenda kukiona mwezi wa sita. Mahindi yameshavunwa, vihenge vimejaa, mbingu haina hata wingu moja, barabara imekauka, baridi ya asubuhi inakusogeza kwenye moto, na kila nyumba unayoingia unawekewa bukari (ugali) na kuku. Unarudi mjini ukiwa umeshaamua. Mimi pia niliamua hivyo.

Leo nina miaka saba kijijini, kama kilomita 60 kutoka mjini, ndani kidogo ya barabara ya Kasenga, pamoja na mume wangu na watoto wetu wanne. Sijutii. Lakini nimeziona familia zikiwasili mwezi wa saba na lori la vitu, vitanda na makochi juu, na mwezi wa pili nikaziona zikirudi na mabegi tu, makochi yameuzwa ili zipatikane fedha za unga na dawa. Hao ndio ninaowafikiria ninapoandika. Sikuambii uende, wala sikuambii ubaki katika mtaa wako wa Lubumbashi, uwe Katuba, Kenya, Rwashi au popote ulipo. Ninachokuomba ni usiamue kabla hujalala kijijini miezi miwili iliyo mibaya: mwezi wa kumi na mwezi wa pili.

Hatua ya kwanza: andika unachokimbia

Chukua karatasi, ukae na mwenzako, muandike kinachowasukuma kutoka mjini. Muwe wakweli, kwa sababu kijiji kinaondoa shida fulani na nyingine kinaziacha vilevile.

Kama ni kodi ya nyumba, kijiji kitakusaidia. Tofali utafyatua mwenyewe, nyasi za kuezekea ziko. Kama ni umeme kukatikakatika, elewa kwamba huku haukatiki kwa sababu haupo. Utategemea paneli ya jua, na paneli ndogo inawasha taa na kuchaji simu, haigandishi samaki. Kama ni deni, usisumbuke kuhama. Mwenye deni atapanda pikipiki na atafika. Kama ni ugomvi wa ndoa, nakusihi umalizeni mjini mliko na ndugu wa kuwasuluhisha, maana huku jioni ni ndefu na mtabaki wawili.

Kama kazi imekufa, jiulize una ufundi gani mkononi zaidi ya jembe. Fundi wa pikipiki, fundi cherehani, muuguzi, fundi ujenzi, mtu anayejua kutengeneza pampu: hawa wanashika haraka. Mtu anayekuja na nia ya kulima tu, tena hajawahi kulima, huyo ndiye ninayemwogopea zaidi.

Nazungumza kwa sababu ya baba yangu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akiwa na fedha zake. Baba alikuwa mmoja wao. Alikodi trekta, akalima eneo kubwa kijijini kwa shangazi yake, na mahindi yakakubali vizuri sana. Mwezi wa tatu kijito kilichokata njia ya kwenda shambani kikabeba daraja la magogo. Mavuno yakakaa huko hadi mwezi wa saba lori lilipoweza kupita, na wakati huo fukusi walikuwa wameshayala. Baba hakuwa mvivu. Tangu tukiwa wadogo tulimjua kama mtu anayeamka saa kumi ya alfajiri. Ila njia ile hakuwahi kuipita wakati wa mvua kabla ya kuweka fedha zake zote mwisho wake.

Hatua ya pili: mwezi wa kumi, na kamba

Kwetu mkoa wa Haut-Katanga mvua huanza kushika karibu na mwezi wa kumi na moja na hukoma mwezi wa nne. Kuanzia wa tano unaweza kupitisha miezi mitano bila tone. Kwa hiyo mwezi wa kumi ndio mwisho wa kila kitu: joto limefikia kilele, nyika imeungua, majivu yanapeperuka hadi ndani ya sufuria, na maji ya kisima yako chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Kisima kinachokupa maji mwezi wa kumi kitakupa mwaka mzima. Kisima kilichokupa maji mwezi wa sita hakijakuambia kitu.

Lala usiku tatu, si mmoja. Asubuhi ya kwanza uamke na wanawake, uende nao kisimani.

Mwaka wangu wa kwanza nilifika kisimani saa kumi na moja ya alfajiri, nikajiona nimewahi. Nikakuta bidoni (madumu ya maji) 23 zimepangwa mstari, nyingine zimewekewa jiwe juu kuonyesha mwenyewe ni nani. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha plastiki kilichofungwa kwenye fito. Ndoo haikuwa ikishuka tena. Maji yalikuwa ya kuchota kwa kikombe, yakisubiriwa yajikusanye kwenye shimo dogo chini, meupe kama maji ya kuoshea unga. Akaniangalia, akasema, "Mama, wewe umekuja jana na lori? Weka bidoni yako nyuma ya ile ya njano, urudi ukapike. Zamu yako itafika saa tatu." Ilifika saa nne.

Basi usiulize tu "kuna maji?" Kila mtu atakujibu yapo. Beba kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita, na jiwe mwisho wake. Shusha kisimani alfajiri kabla watu hawajachota, uhesabu fundo zilizolowa: hicho ndicho kimo cha maji. Kisha hesabu bidoni zinazotoka kabla maji hayajageuka tope, uangalie saa, usubiri yarudi kwenye kimo cha kwanza. Kisima kinachojirudisha kwa saa moja na kile kinachohitaji usiku mzima havifanani hata kidogo, ingawa kwa macho ni shimo lilelile.

Halafu fanya hesabu ya nyumbani kwako. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja, kunywa, kupika, kuoga na vyombo, ni lita 120 kwa siku, yaani bidoni sita za lita 20. Nguo ziko nje ya hesabu hiyo. Tembea kutoka mahali nyumba yako itakaposimama hadi kisimani, ukibeba bidoni iliyojaa, mara moja tu. Kisha zidisha kwa sita.

Hapa nasema na kina papa, yaani kina baba: mume ndiye anayeamua kuhama, mke ndiye anayechota. Kwa hiyo huyo atakayechota ndiye aende mwezi wa kumi, na neno lake lihesabiwe mara mbili. Nimeona waume wakienda peke yao "kuandaa", wakikaa na wazee kwenye kinywaji cha munkoyo, wakirudi na habari nzuri. Kisimani hawakufika.

Maji yakikosekana, si lazima mpango ufe. Unaweza kuchimba kisima chako, lakini kichimbwe mwezi wa tisa au wa kumi, usikubali kamwe kuchimbiwa mwezi wa nne. Mchimbaji atakayepata maji kwenye mita sita baada ya mvua atakuwa amekuchimbia kisima cha miezi mitano.

Hatua ya tatu: rudi mwezi wa pili

Mwezi wa pili ni wa njaa. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya bado mabichi. Watu wanaishi kwa sombe (kisamvu), majani ya maboga, uyoga wa porini, na wenye fedha wananunua unga unaotoka mjini, ghali kuliko bei ya mjini kwa sababu ya usafiri. Angalia katika nyumba uliyofikia mnakula mara ngapi kwa siku. Usiulize, angalia tu. Na ubebe unga wako. Kumfanya mtu akupikie cha mwisho mwezi huo ni kosa.

Barabara nayo utaiona ilivyo. Taksi-bisi iliyokuleta kwa saa mbili mwezi wa sita itakuacha kwenye lami au kwenye njia kuu, na kipande cha ndani utakimaliza kwa pikipiki au kwa miguu, viatu mkononi.

Nenda kwenye kituo cha afya umwone muuguzi. Malaria inakuwa kali wakati huu, na muuguzi wa kijijini ndiye mtu anayejua ukweli wa kijiji kuliko shefu, mkuu wa kijiji. Muulize vipimo vya malaria vipo leo, siyo kwa kawaida. Muulize ni dawa gani zimeisha. Muulize mara ya mwisho mama mjamzito aliposhindwa kujifungua alipelekwa wapi, na alifika kwa chombo gani. Kisha uifuate njia hiyo mwenyewe hadi hospitali kuu, ukiangalia saa.

Mwana wetu wa tatu alishikwa na degedege mwezi wa pili, usiku, mvua ikinyesha. Mume wangu alimfunga kifuani kwa kitenge changu, mimi nikakaa nyuma na tochi mdomoni ili mikono yote miwili iwashike. Kwenye mteremko wa kijito pikipiki ilizama, tukaisukuma, mtoto akiwa moto kiasi kwamba niliuhisi mwili wake kupitia kitenge kilicholowa. Tulifika kumekucha. Yupo, anasoma darasa la nne. Tangu siku ile tunaweka nyumbani dawa ya kushusha homa, petroli lita tano ambazo haziguswi, na fedha za hospitali kwenye simu. Mtandao kwetu unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, na hilo pia tuliligundua mwezi huo. Wewe ligundue kabla.

Jambo moja la mwisho kuhusu safari hii: mtafute mtu aliyehamia pale kutoka mjini akashindwa akarudi. Yupo karibu kila kijiji. Waulize wanakijiji jina lake, ukirudi Lubumbashi umtafute hata kama anakaa upande wa pili wa mji. Atakuambia kwa nusu saa kile ambacho wenyeji hawatakuambia kwa heshima.

Hatua ya nne: ardhi, polepole

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, na mimi ni mmoja wao.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kwa hiyo unachonunua si udongo, ni haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama imara pale tu unapokuwa na certificat d'enregistrement, yaani hati ya usajili. Mkongo anaweza kupewa concession perpétuelle, haki ya kutumia ardhi isiyo na mwisho. Mgeni wa nchi nyingine hupewa ya muda. Lakini kijijini utapokelewa na utaratibu mwingine, wa zamani zaidi. Mwenye neno ni shefu wa kijiji, juu yake shefu mkubwa, na nyuma yao ukoo unaohesabiwa kuwa wenye udongo: Walamba upande wa kwa shefu Kaponda, Wabemba ukielekea Luapula, Wasanga upande wa Likasi. Taratibu zote mbili unazihitaji. Karatasi ya ofisini bila kukubaliwa na shefu itakupa kesi, na chumvi, nguo na fedha kwa shefu bila karatasi zitakupa hofu kila shefu anapofariki na mwingine kushika nafasi.

Shamba letu la kwanza tuliuziwa na mtu aliyekuja na karatasi yenye mhuri na mashahidi wawili. Tulizunguka naye mipaka. Katikati palikuwa na miembe miwili mikubwa, mimi nikafurahi, nikasema watoto watakula maembe. Sikujiuliza aliyeipanda ni nani. Mwembe hauoti wenyewe katikati ya pori letu. Ukiuona, jua palikuwa na nyumba, na penye nyumba ya zamani huwa pana wajukuu. Walikuja mwaka uliofuata, watu wazima wanne, wapole, wakatuonyesha kaburi la bibi yao mita chache kutoka kwenye mwembe, limefunikwa na nyasi. Walikuwa na haki. Aliyetuuzia simu yake haikupatikana tena. Tulipoteza fedha na msimu mmoja, na tukapata somo ninalokupa bure: tembea shambani ukitafuta miembe, makaburi, vigae vya vyungu, matuta ya zamani, na kwa kila kimoja uulize jina la mtu.

Uliza majirani wa pande zote nne, kila mmoja peke yake, mbali na muuzaji. Mlipe shefu mbele ya majirani hao, mchana, na majina yao yaandikwe. Kwa ardhi ya vijijini sheria inataka pia uchunguzi wa awali, enquête préalable, kabla ya kupewa concession, ili ijulikane nani anaishi au analima pale. Wengine hutafuta njia ya kuufupisha. Wewe uombe ufanyike kwa ukamilifu, hata ukichukua muda, maana unakulinda wewe.

Kisha kuna madini, na huku kwetu hili si la kusahau. Haki ya udongo haikupi haki ya kilicho chini yake. Kwa sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, eneo la shamba lako linaweza kuwa ndani ya kibali cha utafiti au uchimbaji cha kampuni, na wewe usijue mpaka uone magari meupe na watu wenye kofia ngumu. Sheria inampa mkulima haki ya fidia, lakini fidia haikurudishii miaka. Kabla ya kulipa hata franga moja, chukua alama za GPS za pembe za shamba kwa simu yako, uende ofisi ya Cadastre minier, CAMI, inayosajili vibali vya madini, uulize kama pana kibali juu yake. Porini nako kuna dalili: kilima kisicho na miti wakati pori lote linalokizunguka lina miti, nyasi fupi, na mimea midogo ya maua ya zambarau ambayo wataalamu huiita maua ya shaba, kama Haumaniastrum katangense. Penye mimea hiyo udongo una shaba nyingi. Mahindi hayataki, na wachimbaji watakuja siku moja.

Epuka pia bonde lililo chini ya mgodi au kiwanda. Udongo na mboga katika baadhi ya mitaa ya Lubumbashi na Likasi vimepimwa na vikakutwa na shaba na kobalti kupita kiasi. Ukihama ili watoto wale vizuri, halafu ukanywesha bustani kwa maji yanayotoka mgodini, umewahamisha bure.

Ukishamaliza hayo ndipo uangalie rutuba. Udongo mwekundu wa kwetu una asidi na huchoka mapema. Angalia mabua ya mahindi yaliyobaki ya mwaka jana: bua nene kama dole gumba ni habari njema, bua jembamba kama penseli usiambiwe ni mvua. Hesabu vichuguu. Vile vikubwa, virefu kuliko nyumba, vina udongo mzuri kuliko shamba lenyewe. Sisi tunapanda maboga na nyanya juu yake, na pembeni tunatoa udongo wa tofali. Ukiweza, tafuta shamba linalogusa dembo, lile bonde tambarare linalobaki na unyevu kiangazi. Hapo utalima kabichi na vitunguu wakati wenzako wanangoja mvua. Na shamba lililotoka kukatwa miti ya makala (mkaa) juzi lisikudanganye kwa kijani chake. Majivu yanalisha misimu miwili au mitatu, kisha udongo unarudi kuwa ulivyokuwa, bila miti.

Hatua ya tano: hesabu ya unga

Watu sita wanaokula bukari mara mbili kwa siku wanamaliza karibu kilo mbili na nusu za unga. Kwa mwaka ni kilo 900 na zaidi, na kwa sababu mashine hupunguza pumba, unahitaji karibu tani moja ya mahindi makavu. Sasa shamba: hekta moja iliyolimwa kwa jembe la mkono, bila mbolea, kwa kawaida haifiki tani moja. Mtu mzima aliyezoea jembe anamudu kama nusu hekta kwa msimu. Wewe na mwenzako, basi, hekta moja. Ina maana nguvu zenu zote, kuanzia kulima mwezi wa kumi na moja mpaka kuvuna mwezi wa nne, zinawapa bukari. Bukari tu. Chumvi, sabuni, karo, mafuta, dawa, samaki thomson wa Jumapili havimo.

Mbolea na mbegu bora huongeza mavuno kwa kiasi kikubwa, tunazitumia, lakini ni fedha unayotoa mwezi wa kumi, wakati mfuko mtupu, ukairudishe mwezi wa tano kama viwavijeshi hawakukutangulia. Watu wengi hapa wanaziba pengo kwa makala. Siwalaumu, mtoto akilia njaa mti unakatwa. Ila usijenge maisha yako mapya juu ya makala, kwa sababu pori linazidi kusogea mbali kila mwaka na wewe utalifuata kwa baiskeli.

Sisi tumeziba kwa mboga za dembo zinazoshuka sokoni mjini mwezi wa nane na wa tisa, kwa karanga ninazonunua kwa majirani na kuziuza mtaa wa Kenya nilikokuwa na meza yangu, na kwa cherehani ya mume wangu. Cherehani ndiyo imetuokoa zaidi. Andika na wewe, kabla ya kuhama, fedha taslimu itatoka wapi kila mwezi kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Kama mstari huo ni mtupu, bado hujafika wakati.

Na unga wa mwaka wa kwanza ununue mapema. Ukihama mwezi wa saba, mavuno yako ya kwanza ni mwezi wa nne au wa tano wa mwaka unaofuata. Ni karibu miezi kumi ya kula unga wa kununua: kilo 750, yaani mifuko 30 ya kilo 25. Fedha hizo ziwepo kando, zisiguswe na ujenzi.

Hatua ya sita: shule, na kukaa na watu

Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu mwezi wa tisa mwaka 2019, hata kijijini, lakini ingia darasani uhesabu watoto na madawati, uulize mwalimu anakaa wapi wakati wa mvua. Sekondari ndiyo tatizo. Mwana wetu mkubwa anakaa kwa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, Katuba ili asome; tunampelekea unga na karanga, naye tunamwona likizo. Hilo linaniuma, sikufichi. Lifikirieni na mjibu mapema: ni nani atampokea mtoto, na kwa masharti gani.

Kuhusu watu, ingia kama mgeni ukae kama mgeni kwa muda mrefu. Msalimie shefu kila unaposafiri na unaporudi. Nenda misibani, kaa chini pamoja na wengine. Kama ukoo wako unatoka mkoa mwingine, sema wazi siku ya kwanza. Kujulikana baadaye ndiko kunakoleta maneno. Usijenge nyumba ya tofali za kuchoma na bati mwaka wa kwanza, hata kama fedha unazo.

Hatua ya saba: acha mguu mmoja mjini

Kama una parseli (kiwanja chenye nyumba) Lubumbashi, usiiuze. Pangisha kwa karatasi, na karatasi za parseli ziwekwe kwa mtu mnayeaminiana. Baki kwenye likelemba yako ya mjini, kile kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, hata kwa mchango mdogo. Kama hukuwa na parseli, acha angalau nyumba moja ya ndugu inayojua kwamba mnaweza kurudi.

Wengi ingewafaa njia ya katikati. Lima msimu mmoja tu, mwezi wa kumi na moja hadi wa tano, mmoja wenu akiwa shambani na mwingine akishika kazi mjini. Au tafuta shamba dogo upande wa Kafubu au njia ya Kipushi, ambako unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sisi hatukufanya hivyo na tungepaswa kufanya.

Mkiamua kuhama kabisa, andikeni kwenye karatasi ileile ya hatua ya kwanza mambo matatu yatakayowarudisha: kwa mfano mtoto kulazwa mara mbili kwa mwaka mmoja, au fedha ya akiba kushuka chini ya kiasi mlichokubaliana. Msaini wote wawili. Ukiwa kijijini na aibu ya kurudi imekushika, karatasi hiyo itakusemea mbele ya mwenzako na mbele ya ndugu zako.

Kwa safari ya mwezi wa kumi, beba hivi: kamba ya mita 20 yenye mafundo, bidoni mbili za lita 20, chandarua, blanketi, tochi, unga kilo 10, chumvi na sabuni kwa nyumba itakayokupokea, daftari na kalamu. Toka Lubumbashi asubuhi ili ufike mchana, umsalimie shefu kabla jua halijashuka. Lala mapema, maana kwenye kisima foleni inaanza saa kumi.